Kolwezi: Picha ndogo zinazokula mega za mteja

Kwenye barabara za Kolwezi, kuanzia komini ya Dilala hadi Manika, miavuli ya mawakala wa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money imejipanga kando ya njia. Mteja anafika, anataja namba, anatoa feza, wakala anabonyeza simu, na baada ya muda mfupi ujumbe unaingia. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inapita katika menyu ya maandishi matupu, ile yenye nyota mwanzoni na dièse mwishoni. Haina picha hata moja. Simu ndogo ya vitufe inaifungua bila shida, na haidai mega.

Programu za intaneti, zile ambazo vijana waliosoma informatique wanaandikia maduka ya dawa, shule, hoteli na depo za madini, zina sura nyingine. Zina rangi, zina vitufe vya mviringo, na karibu kila kitufe kimebeba ikoni: nyumba ya kurudi mwanzo, mizani, pipa la taka la kufuta, alama ya kukubali ndani ya duara. Kwenye kompyuta ya yule aliyeiandika, yenye Wi-Fi nzuri, kila kitu kinang'aa. Kisha mteja anaifungua kwa simu yake akiwa Kapata au Musonoi, mtandao umeshuka, na mahali pa mizani kunatokea kisanduku cheupe. Mahali pa alama ya kukubali pameandikwa «check_circle», neno la Kiingereza lililokatwa katikati kwa sababu kitufe ni kidogo.

Simu haina kosa hapo, na kampuni ya mtandao haina kosa lote. Kisanduku kile kinatokana na uamuzi uliofanywa siku ya kwanza ya kazi, mara nyingi bila kufikiriwa hata dakika moja: namna maktaba ya ikoni ilivyoingizwa ndani ya programu.

Lori zima kwa kilo moja ya unga

Maktaba ya ikoni ni mkusanyiko wa picha ndogo zilizochorwa kwa mtindo mmoja, ambazo mwandishi wa programu anazichukua zikiwa tayari badala ya kuchora mwenyewe. Nyingi hazilipiwi. Font Awesome, iliyoanzishwa na Dave Gandy mwaka 2012, ndiyo inayojulikana zaidi. Toleo lake la 6, lile la bure, lina ikoni zaidi ya 2,000. Google ilitoa Material Icons mwaka 2014. Feather, kazi ya Cole Bemis, ina 287 tu, na mwaka 2020 watu waliotaka iongezewe picha haraka waliinakili na kuanzisha Lucide, ambayo leo imepita 1,500. Kuna Bootstrap Icons, kuna Heroicons, kuna Tabler. Kijana wa Kolwezi anazipata zote bure, sawasawa na mwenzake wa Paris au Nairobi, na hilo ni jambo la kufurahia.

Tatizo liko katika hesabu. Programu ya kawaida ya duka au depo ni nadra itumie ikoni zaidi ya 30. Lakini mtu akinakili ule mstari mmoja unaopatikana katika mafunzo mengi ya intaneti, analeta maktaba karibu yote. Ni kama mama aliyetuma mtoto sokoni kununua kilo moja ya unga, akaona lori zima la magunia limesimama mlangoni, na anayelipa usafiri ni yeye.

Tuangalie uzito wenyewe. Faili ya fonti ya ikoni za kawaida za Font Awesome 6 ina uzito wa kama KB 150. Mwandishi akiongeza alama ya WhatsApp ili wateja waweze kuandika ujumbe, kivinjari kinalazimika kuleta faili ya pili, ile ya alama za makampuni, ambayo peke yake imepita KB 100. Picha moja ya kijani, faili nzima. Ongeza orodha ya mitindo inayoambatana nazo, na jumla inakaribia KB 280. Wanaochagua njia nyingine ya maktaba hiyohiyo, ile ya kuleta ikoni zote kwa JavaScript, wanabeba faili iliyopita MB 1 kabla ya kubanwa.

KB 280 si kitu kwa mtu aliye ofisini kwenye mgodi mkubwa. Kwa mtu ambaye mtandao wake unapitisha kilobiti 400 kwa sekunde, na saa za jioni hiyo si ajabu, ni karibu sekunde 6 za kusubiri picha tu, kabla ya kuhesabu ukurasa wenyewe. Watu 500 wakifungua programu hiyo kwa mara ya kwanza, wamelipa pamoja MB 140. Ikoni 20 za Lucide zikiletwa peke yake, zikiwa zimebanwa, zinaweza kubaki karibu na KB 3 au 4. Watu walewale 500 hawapiti MB 2.

Ni kweli kwamba kivinjari kinahifadhi faili na hakizileti tena kila siku. Lakini simu nyingi zinazozunguka mjini zina nafasi ndogo, zimejaa video na picha za familia, na jambo la kwanza mwenye simu anafanya ikijaa ni kufuta akiba ya vivinjari. Siku inayofuata, lori linarudi.

Wakongo wanajua vizuri uchungu wa unité zinazoondoka kimya kimya. Mwaka 2020 serikali ilianzisha malipo ya RAM, daftari la simu za mkononi: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na zaidi, yakikatwa moja kwa moja katika salio. Watu walipiga kelele mpaka yakaondolewa mapema mwaka 2022. Ikoni zisizotumika nazo zinakata, ila hakuna ujumbe unaoingia kumwambia mwenye simu kimekatwa kiasi gani.

Kisanduku kwenye depo

Kwa duka la nguo, ikoni iliyopotea ni aibu kidogo tu. Katika biashara ya madini ya Lualaba uzito wake ni mwingine.

Kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka 2018. Mwaka uliofuata serikali iliunda Entreprise Générale du Cobalt ili kununua ile inayochimbwa kwa mikono. Mwaka 2025 usafirishaji wa kobalti kwenda nje ulisimamishwa kuanzia Februari 22, na kuanzia Oktoba 16 ukaruhusiwa kwa mgao. Katika mabadiliko hayo yote swali moja linazidi kuulizwa: mfuko huu umetoka wapi, nani ameuchimba, ulipimwa kilo ngapi, ulinunuliwa kwa bei gani? Daftari la karatasi haliwezi kujibu swali hilo kwa haraka, na ndiyo maana simu inaingia kati ya mzani na mnunuzi.

Tuchukue depo moja ya mfano, kama zile za soko la Musompo. Mchimbaji anashusha mfuko. Unawekwa kwenye mzani. Sehemu ya mawe inapimwa kwa Metorex, jina ambalo Kolwezi nzima inakiita kile kifaa cha kushika mkononi kinachosoma teneur, yaani kiwango cha madini ndani ya mawe. Bei inatafutwa kwenye ubao kulingana na teneur hiyo. Sasa tuseme mnunuzi anaandika yote hayo kwenye programu ya intaneti. Skrini ina vitufe vitano: pima, piga picha, hifadhi, futa, tuma. Aliyeitengeneza aliona maneno yanaharibu sura, akaacha ikoni peke yake.

Mtandao ukianguka, mchimbaji anayeangalia juu ya bega la mnunuzi anaona visanduku vitano vinavyofanana. Mnunuzi mwenyewe anabonyeza kwa kukumbuka: cha tatu kutoka kushoto ni kuhifadhi, cha nne ni kufuta. Au kinyume chake? Malalamiko juu ya mizani na Metorex ni ya zamani. Wachimbaji wengi wanaamini kwamba kifaa kinasoma chini ya kile walichochimba. Mtu ambaye tayari hauamini mzani hataamini kisanduku cheupe, na ana haki. Mfuko ukifutwa kwa bahati mbaya, neno la mnunuzi litasimama dhidi ya neno la mchimbaji, na kila mmoja anajua ni lipi linashinda.

Kwa nini picha inageuka kuwa neno

Sababu ya kisanduku ni hila ya zamani ambayo ilisaidia sana wakati wake. Ili kupeleka picha nyingi kwa faili moja, watengenezaji waliziweka ndani ya fonti, kana kwamba ni herufi za alfabeti. Font Awesome inaipa kila picha namba katika sehemu ya Unicode iliyoachwa wazi kwa matumizi ya mtu binafsi. Fonti isipofika, simu haijui namba hiyo ni herufi gani, inachora kisanduku. Material Icons inatumia njia tofauti: ndani ya ukurasa linaandikwa neno zima, kwa mfano «delete», na fonti inaligeuza kuwa pipa la taka. Fonti isipofika, neno linabaki neno.

Vivinjari kama Chrome na Firefox kwa kawaida vinasubiri fonti kama sekunde 3 bila kuonyesha chochote mahali pake. Zikipita, vinaonyesha kilichopo. Kwenye mtandao wa haraka sekunde hizo hazionekani. Kwenye mtandao wa polepole mtu anaona kitufe kitupu, kisha kisanduku, kisha, kama ana bahati, picha. Kuna pia Opera Mini, kivinjari kinachopendwa na watu wanaobana mega: katika hali yake ya kubana kurasa sana, hakibebi fonti za wavuti kabisa. Mwenye kuitumia hataiona mizani hata akisubiri mpaka kesho.

Makampuni makubwa yaliliona hili zamani. Mwezi Februari 2016 GitHub, mahali ambapo waandishi wa programu wa dunia nzima wanahifadhi kazi zao, ilieleza hadharani kwamba inaacha fonti ya ikoni na kuhamia SVG. SVG ni picha iliyoandikwa kwa maandishi: chora mstari kutoka hapa hadi pale, zungusha, funga. Haitegemei fonti, haichakai ikikuzwa, na inaweza kukaa ndani ya ukurasa wenyewe. Ukurasa ukifika, picha imefika. Miaka imepita, lakini mafunzo yaliyoandikwa kabla ya hapo bado yanazunguka, na mwanafunzi anayejifunza peke yake anakutana nayo kwanza.

Kuchukua kinachohitajika

Dawa yake inaanza na kalamu na karatasi, kabla ya kompyuta: kuandika majina ya ikoni ambazo programu inatumia kweli. Wengi wakifanya hivyo wanashangaa. Walidhani wana sitini, wanakuta kumi na nane, na kati ya hizo mbili zina maana moja.

Kwa wanaotumia React, Vue au Svelte, kinachobaki ni kuagiza kila ikoni kwa jina lake. Katika Lucide kila ikoni ni kipande kinachojitegemea. Mwandishi akiomba mizani na pipa peke yake, chombo kinachofunga programu kinaacha mengine nje. Waandishi wa programu wanaita kazi hiyo «kutikisa mti»: unatikisa, majani makavu yanaanguka, yanabaki mabichi. Lakini mti hautikisiki kama umefungwa kamba. Anayeandika msimbo unaoagiza maktaba yote kwa pamoja ili achague ikoni baadaye kwa jina lililotoka kwenye hifadhidata, ameufunga kamba. Chombo hakiwezi kujua ni jina gani litaombwa, kwa hiyo kinabeba yote. Kosa hili ndilo linalojificha zaidi, kwa sababu programu inafanya kazi vizuri na hakuna onyo linalotokea. Mwandishi anayetaka ikoni ziamuliwe na hifadhidata anaweza kuandika orodha fupi mwenyewe: «mizani» ni hii, «futa» ni hii, basi. Jina lisilo kwenye orodha lipewe picha moja ya kawaida.

Kuna maumivu mengine ambayo mteja hayaoni, lakini kijana mwenye kompyuta ya mtumba anayajua. Maktaba ya ikoni ya MUI ina picha zaidi ya 2,100, kila moja kwa mitindo 5, yaani faili zaidi ya 10,000. Maelezo ya MUI yenyewe yanaonya kwamba kuagiza kutoka mlango mkuu wa maktaba kunaweza kuchelewesha sana kompyuta wakati wa kuandika programu, na yanashauri kuagiza kila ikoni kwa njia ya faili yake. Mashine yenye kumbukumbu ndogo inafikiri dakika nzima kabla ya kuonyesha ukurasa, na kama SNEL imekata umeme, betri inaisha kwa kusubiri.

Wasiotumia vyombo hivyo, wanaoandika HTML ya kawaida na PHP, hawajaachwa nje. Wanaweza kukusanya SVG zao 20 ndani ya faili moja, kila moja ikiwa na jina lake, kisha kuita jina hilo popote inapohitajika. Njia hii ina faida kubwa pale penye orodha ndefu. Depo yenye mifuko 300 kwenye skrini, kila mstari ukiwa na ikoni 3, ingeandika michoro 900 ndani ya ukurasa kama kila mmoja ungerudiwa mzima. Hapo SVG yenyewe inageuka kuwa mzigo, na aliyekimbia fonti amekimbilia shimo lingine. Kwa kuita jina, mchoro unaandikwa mara moja tu na mistari mingine inauelekezea kidole. Rangi nayo haihitaji faili mpya: SVG ikiagizwa kufuata rangi ya maandishi yanayoizunguka, mizani ileile inakuwa nyeusi kwenye orodha na nyeupe juu ya kitufe cha kijani.

Na yule ambaye programu yake ni ya zamani, imejaa fonti kila mahali, na hana muda wa kuiandika upya? Anaweza kuikata fonti. Google inaruhusu kuandika katika anwani ya fonti yake ya Material Symbols majina ya ikoni zinazotakiwa peke yake, kwa kigezo kinachoitwa «icon_names», na seva inarudisha fonti iliyopunguzwa. Tovuti kama IcoMoon na Fontello zinafanya kazi kama hiyo kwa maktaba nyingine. Kisanduku bado kinaweza kutokea mtandao ukianguka kabisa, lakini faili ya KB chache inafika mahali ambapo ile ya KB 150 inakwama.

Uongo wa «tayari anayo»

Kuna hoja moja ambayo inarudiwa sana katika madarasa: tumia seva ya pamoja ya nje, kwa sababu mteja alishatembelea tovuti nyingine inayotumia faili ileile, kwa hiyo tayari anayo kwenye simu. Zamani ilikuwa kweli. Leo si kweli tena. Ili kuzuia tovuti zisichunguze mahali mtu alipopita, vivinjari viligawa akiba yao kwa kila tovuti: Safari ilitangulia miaka mingi nyuma, Chrome ikafuata kwa toleo la 86 mwezi Oktoba 2020, Firefox kwa toleo la 85 mwezi Januari 2021. Faili ya Font Awesome iliyoletwa na tovuti ya habari haiisaidii tovuti ya depo. Inaletwa upya, kutoka seva ya pili, baada ya simu kutafuta anwani nyingine na kufungua muunganisho mwingine, jambo ambalo kwenye mtandao dhaifu linakula muda kuliko faili yenyewe.

Kuweka ikoni kwenye seva ileile ya programu kunaondoa safari hiyo. Kuna sababu nyingine inayowagusa wanaofanyia kazi makampuni ya Ulaya: mwezi Januari 2022 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliamua kwamba tovuti iliyoleta fonti kutoka seva za Google ilitoa anwani ya intaneti ya mgeni bila ruhusa yake, ikaamuru alipwe euro 100. Euro 100 si feza nyingi, lakini wanasheria wa makampuni walisikia.

Kwa programu ya depo hatua moja zaidi inafaa. Vivinjari vya leo vinaruhusu tovuti kuacha ndani ya simu hati ndogo inayoshika faili muhimu na kuzitoa hata pasipo mtandao. Ikoni za KB 4 ni kati ya vitu vya kwanza vya kuwekwa humo. Mnunuzi aliye mbali na mnara anaandika mfuko, anaona mizani na pipa kama kawaida, na data inaondoka akirudi mjini. Starlink ilipata ruhusa ya kufanya kazi nchini mwezi Mei 2025, baada ya kukatazwa mwaka uliotangulia, na inawasaidia wenye uwezo wa kununua sahani yake. Mchimbaji anayetembea na simu mfukoni bado anaishi kwa mega za kununua.

Nguruwe wa akiba

Hata ikoni iliyofika kwa wakati inaweza isiseme kitu. Alama ya kuhifadhi katika maktaba nyingi ni disketi, kitu ambacho kijana wa miaka ishirini wa Kolwezi hajawahi kushika. Alama ya akiba ni nguruwe mwenye tundu mgongoni, na Mwislamu wa kartie Biashara anaweza kuuliza kwa haki nguruwe anatafuta nini kwenye feza zake. Kikapu chenye magurudumu ni cha supermarket.

Kwa hiyo neno lazima likae kando ya picha, angalau kwenye vitufe vinavyogusa feza na mfuko: «Hifadhi», «Futa», «Tuma», au kwa Kifaransa kama watumiaji wamezoea hivyo. Neno lina uzito wa baiti chache, halihitaji fonti ya ziada, na programu zinazosomea wasioona skrini zinalisoma, wakati ikoni peke yake zinairuka au kuisoma vibaya. Likishakuwepo neno, picha nayo ifichwe kwa programu hizo ili lisitajwe mara mbili. Wale wasiojua kusoma wanaishika picha, wale wasioielewa picha wanashika neno, na mtandao ukianguka neno linabaki.

Kuchagua picha inayofaa si lazima kuanzie kwa wabunifu wa California. OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ambayo watu wa Kivu na Ituri wanalijua vizuri jina lake, ilitoa ikoni 500 za bure mwaka 2012: kisima, hema, gunia la chakula, barabara iliyokatika, watu waliohama. Zinapatikana kama SVG, na mtu anaweza kuchukua tatu tu bila kugusa zilizobaki. Lucide ina sururu na kofia ya mchimbaji.

Likelemba, ule mchezo wa kuchangiana feza ambao nusu ya soko linaujua, haimo katika maktaba yoyote kati ya hizo kubwa. Anayetengeneza programu yake atalazimika kuichora. Inkscape haina malipo. Lucide inachora ndani ya mraba wa 24 kwa 24, mistari yenye unene wa 2 na ncha za mviringo, na anayefuata vipimo hivyo atapata picha inayokaa vizuri kando ya mizani na sururu bila kuonekana mgeni. Mikono michache kuzunguka sarafu moja, ikihifadhiwa kama SVG na kusafishwa, ni chini ya KB 1.